Kianzio

Kamwene, Mgaya. Ni mimi tena, Tulalumba wa Uwemba,
wa madirisha manne ambayo hayakuzaliwa.
Usimtume kijana aseme umekwenda Makambako.
Viatu vyako viko mlangoni, naviona,
na kikohozi chako nakijua kuliko cha marehemu baba.

Risiti hii hapa. Nimeitunza ndani ya kitabu cha nyimbo,
kwenye kurasa za mazishi, nisizofungua ovyo.
Laki tatu na themanini, kianzio, tarehe tatu Julai,
mwezi ambao maji ya ndoo yalivaa ngozi asubuhi
na majani ya maboga yakaungua kwa baridi.
Siku ile niliyataka madirisha, sikatai.
Ulinionyesha alumini inayoteleza kwa kidole kimoja,
nikateleza nayo.

Agosti nikabadili mawazo. Binadamu haruhusiwi?
Lutengano wangu alipiga hesabu nyuma ya kalenda:
miche sitini ya parachichi, samadi, vibarua wa mashimo.
Nikaja mwenyewe, mapema,
kabla hujakata fremu hata moja.
Ukasema, "Mama, hakuna shida."
Hiyo hakuna shida ndiyo mama wa shida zote.

Ukutani umebandika: *Mali ikishauzwa hairudishwi.*
Sawa.
Nionyeshe mali.

Njoo Jumatatu. Jumatatu mashine imekufa.
Njoo mwisho wa mwezi. Mwezi una miisho mingapi, Mgaya?
Njoo mvua zikianza, wateja watakuwa wengi.
Mvua zikaanza. Mashimo sitini yakajaa maji,
vyura wakahamia bila kuombwa kianzio.
Nauli elfu mbili kuja, elfu mbili kurudi, mara tisa;
hiyo sikudai, naitaja tu uisikie.
Mtendaji alitaka kuniandikia barua. Nikamwambia angoja.
Barua ingekufanya adui,
na mimi nilikuhitaji ubaki mdeni.

Ndipo Jumapili ile nikakufuata kwako Chaugingi, baada ya ibada.
Nilikuja na maneno makali, nimeyapanga tangu kwenye sala.
Nikakuta madirisha yako.
Mifuko ya saruji, imepigiliwa misumari,
inavuta pumzi na kuitoa kama mapafu ya mgonjwa.
Wewe, fundi wa vioo vya nusu ya mji huu!
Mkeo akanimiminia chai, upepo ukainywa moto wake
kabla kikombe hakijafika mdomoni.
Mtoto wako mdogo alikuwa amevaa soksi mikononi.

Ningeweza kusema, basi, iacheni.
Neno lilifika hapa, kooni, likakaa.
Nikalimeza pamoja na chai.

Mkeo akaingia chumbani, akarudi na kopo la siagi.
Nilihesabu mara mbili, mbele ya watoto.
Noti ya elfu tano iliyogandishwa kwa gundi niliikataa,
ukaenda kuibadilisha kwa jirani, bila viatu.
Zikapungua elfu thelathini.
Nikaandika nyuma ya risiti: *baki thelathini*. Ukatia sahihi,
na mkono wako ulikuwa wa baridi kama wangu.

Njiani sikujisikia mshindi. Sikujisikia mwizi pia.
Nilijisikia mtu mwenye hela zake mfukoni
na mvua ya Januari mgongoni.

Miche niliipata arobaini, iliyobaki, yenye shingo ndefu.
Kumi na mmoja dhaifu nimeiweka kwanza dirishani,
kwenye tundu lile lile ulilolipima kwa utepe wako;
usiku nalifunga kwa ubao, asubuhi nalifungua.
Imeanza kunyoosha majani, taratibu, kwa kusitasita,
kama wageni wasiojua wakae wapi.

Leo nimeijia hiyo thelathini.
Wanasema parachichi linataka miaka mitatu.
Likizaa, nitarudi hapa kwa madirisha, manne yale yale,
wala sitakwenda kwa fundi mwingine, usiniulize kwa nini.
Ila kianzio sitoi.

Haya, kohoa.
Nakusikia unafungua droo.