Semina ya Siku Mbili, Kutaisi

Ukumbi wa mazoezi; radieta inakohoa.
Tumepewa kalamu, daftari, vibandiko vya majina.
Mkufunzi katoka Tbilisi na slaidi arobaini:
namna ya kuomba ruzuku, namna ya kupanga bajeti,
namna ya kusema "athari" pale tulipozoea "makofi".

Zurabi wa taa anasinzia,
kidole kwenye swichi isiyokuwepo.
Mhasibu anaandika kila neno.

"Na wewe, mama, kazi yako?"
Nanuli anasimama. Miaka thelathini na mmoja
ameketi shimoni, chini ya jukwaa,
akiwanong'oneza wafalme maneno yao.
"Mimi hukumbuka," anasema.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha hilo.

Alasiri umeme ukakatika.
Slaidi ya kumi na tisa ikafa ukutani,
na mkufunzi, mdomo wazi, akabaki kulikodolea macho giza.

"Uendelevu,"
ikaja sauti, chini chini, kutoka kiti cha nyuma,
"ulikuwa unafika kwenye uendelevu."

Akalidaka neno, akaendelea.
Hakugeuka kumtazama aliyempa.
Hata wafalme hawageuki.

Cheti chake walikosea jina.
Nanuli alikikunja mara nne,
akakisukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.