Kwa Kiwiko

Chumba changu kiko chini ya ardhi, mjini Tartu.
Seva zinataka baridi, na baridi zinapewa;
mimi navaa sweta mbili, kofia, glavu zisizo vidole.
Kanda elfu kumi na tisa zimeshushwa humu
kutoka viwandani, mashuleni, harusini,
nyingine zikiwa na lebo moja tu: Mbalimbali.

Kazi yangu ni kuita vitu majina.
Siku hizi mashine hunitangulia.
Huikatakata video, fremu kwa fremu,
hupima rangi, kingo, umbo, mwendo,
kisha huandika bila kusita:
mti, mti, gari, mtu, mtu, theluji.
Ukitafuta theluji kwenye kanzidata hii
utaletewa nchi nzima.

Jumanne alikuja Endel Kuusik,
yuko njiani tangu alfajiri, basi la Pärnu,
matone yakimtiririka mabegani mwa koti.
Anamtafuta mamaye.
Picha hana: moja iliungua, nyingine dada yake alizikwa nayo.
Anajua tu kwamba mwaka wa sabini na nne
wapiga filamu waliingia kiwanda cha dagaa wa makopo
na mama akarudi nyumbani anacheka:
"Wametupiga na magamba usoni!"

Jina? Salme.
Nikaandika Salme. Sufuri.
Nikaandika kiwanda. Mia tatu na kumi na mbili.
Nikaandika dagaa; nikaletewa sarafu,
visu, ziwa limepigwa na jua,
maana kwa mashine king'aacho ni ndugu wa king'aacho.
Nikaandika mwanamke, kitambaa cheupe.
Wakaja wauguzi, wakaja wakamuaji,
wakaja mabibi harusi wawili.

Kanda yenyewe tuliipata saa sita mchana.
"Wafanyakazi, mstari wa pili. Dakika kumi na moja. Bila sauti."
Wanawake thelathini, aproni za namna moja,
wameinamia mkanda unaokwenda,
nyuso zimeliwa na mwanga.
Mashine iliwahesabu ishirini na sita.
Wanne iliwaita meza.

Alitazama mara tatu.
"Simwoni," akasema, kama mtu anayeomba radhi.
"Nilikuwa na miaka tisa. Sweta yake naikumbuka. Uso..."

Nikamuuliza swali lisilo na kisanduku kwenye fomu:
Mama alifanyaje alipochoka?

Hakujibu. Alisimama,
akaukunja mkono wa kushoto,
na kwa kiwiko, maana vidole vina mafuta ya samaki,
akasukuma nywele zisizokuwepo kwenye paji la uso,
halafu akashusha bega, hivi, kama anayetua ndoo.
"Rudia," nikamwambia, nikawasha kamera.

Hilo halikuwa neno. Mashine haikuwa na jina lake.
Ililichukua lilivyo, mwendo mtupu,
ikaingia nalo katika kanda zote
ikiuliza kila mwili: ni wewe? ni wewe?
Feni zikapandisha pumzi.

Vipande arobaini na kimoja.
Mpiga fidla. Mvulana anakwepa tonge la theluji.
Mwoka mikate wa Viljandi, unga hadi kwenye nyusi.
Cha kumi na saba: mstari wa pili, dakika ya sita,
wa nne kutoka mwisho, mmoja wa wale meza,
anainua kiwiko, anasukuma nywele, anatua ndoo.
Sekunde mbili. Labda pungufu.

Husemwa mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Endel hakusema kitu. Alivua kofia, basi,
katika chumba ambamo mimi sijawahi kuvua yangu.

Alipoondoka niliifungua rekodi.
Nikafuta meza. Nikaandika Salme Kuusik.
Kwenye maelezo, kishale kilipepesa, kikapepesa;
sina neno moja la kusukuma nywele kwa kiwiko.
Nikaambatisha video ya mwanawe, amesimama na koti bichi,
nikahifadhi.

Zimebaki meza tatu.