Chipu ya Miguu Minane

Nyamizi aliiweka mezani ndani ya kitenge
kama mtu anayeleta kifaranga mgonjwa.
Umeme ulikatika Kirumba, ukarudi kwa kishindo,
kompyuta ya kikoba ikatoa moshi mwembamba
na miaka sita ya madeni ikanyamaza.

Wanawake arobaini na wawili wa Mwaloni,
dagaa wao, mikopo yao, faini za kuchelewa kikao,
vyote vimo humu, kwenye sahani isiyozunguka.
"Na daftari je?"
"Daftari tuliliacha tulipoendelea," akasema,
bila kucheka.

Nikafungua skrubu sita za nyota.
Bodi ya kijani, na katikati yake tundu jeusi
dogo kuliko jicho la dagaa.
Harufu ile naijua, ni ya fundi kusema pole.
Lakini nyumba ilikuwa nzima;
aliyeungua ni mlinzi wa mlango.

Siku tisa nilitafuta bodi pacha,
namba ile ile hadi herufi ya mwisho.
Nikaipata Igoma, kwenye mashine ya kamera za ulinzi
iliyokufa kifo kingine: iliangushwa.

Kabla ya hapo, siku ya nne, alikuja Ng'washi, peke yake.
Akanunua chaji asiyoihitaji.
"Fundi, vitu hivi huwa vinashindikana, si ndiyo?"
Akaacha noti mbili chini ya kipima umeme.
Nikamkimbilia hadi kwa jirani yangu muuza vioo, nikamrudishia.
Vioo kumi na viwili vikamwona anazipokea.

Nikabadilisha bodi. Mota ikaamka, ikavuma, kisha:
tak.
tak.
tak.
Kichwa cha kusomea kinagonga ukuta gizani.
Bodi ngeni haijui nyumba ya watu,
ngazi ipi imelegea,
mlango upi huinuliwa kidogo ndipo ufunguke.
Hayo yote yaliandikwa tangu kiwandani kwenye chipu moja
ya miguu minane, haizidi punje ya hindi,
nayo ilibaki kwenye bodi iliyoungua.

Nikazima feni. Nikafunga dirisha,
joto la mawe likaingia hata hivyo.
Hewa ya moto, kibanio, pumzi nimeibana.
Ukiipasha mno, inasahau.
Ukiiharakisha, inavunjika mguu.
Sikufundishwa hili; niliharibu za watu wawili kabla ya hii
na mmoja wao bado hanisalimii.
Risasi ikang'aa, ikalegea,
chipu ikainuka kama kupe aliyeshiba.

Nikasugua viunganishi kwa kifutio cha penseli cha mwanangu,
nikawasha.
Mvumo. Kimya. Mvumo tena, laini,
kama jiwe la kusagia lililopata mkono wake.
Folda moja ikajitokeza: MADENI MAPYA KABISA 2.

Mstari wa kumi na tisa: Ng'washi, laki tatu na ishirini.
Mstari wa thelathini na moja: Kashinje Malimi.
Mama yangu.
Elfu themanini na sita, ya Januari ile,
ada yangu ya chuo cha ufundi.
Safu ya malipo, tupu.
Pembeni mtu ameandika: tusidai, tumemzika.

Mshale ulikaa juu ya kisanduku kile
hadi chai yangu ikaota ngozi.
Kisha nikanakili yote, kama yalivyo.

"Mwangaluka, fundi."
"Mwangaluka, mayu."
Akaipitia orodha kwa kidole,
thelathini na moja akaipita bila kusimama.
"Kazi shilingi ngapi?"
"Elfu themanini na sita."

Akanitazama.
"Waliniambia niipeleke Dar," akasema.
"Lakini wa Dar hawamo kwenye orodha."
Akavuta kiti, akageuzia kibodi kwake,
na kwa kidole kimoja, akiwinda kila herufi,
akaandika: amelipa.

Halafu akauliza kama nina kalamu.
Safari hii alikuja na daftari.