Nilikuona Wewe Tu

Saa saba mchana, Mwenge, jua limekaa utosini
na taa ya pikipiki yangu inawaka.
Watu wa mji huu wanajali: kila njia panda kuna kiganja
kinachofumba na kufumbua vidole, puku, puku,
"Braza, taa!"
Muuza karanga. Mama wa sare ya benki. Mtoto wa shule.
Trafiki mwenyewe, mara moja.
Nawatikisia helmeti. Asanteni. Naijua.
Siizimi.

Ni tangu siku ile pale Bamaga,
gari ndogo ya rangi ya majivu ilipokata kulia
nikajikuta juu ya boneti yake kama nguo iliyoanikwa.
Dada akashuka, viatu mkononi, midomo inamcheza:
"Sikukuona, kaka. Wallahi sikukuona."
Nilimwamini.
Pikipiki nyeusi, jaketi jeusi, lami nyeusi:
nilikuwa kipande cha barabara.
Alinilipa indiketa. Goti halikuwa na bei,
na hadi leo hunitabiria mvua
mapema kuliko redio.

Aliyeumwa na nyoka hushtukia ung'ongo.
Mimi nilikwenda Gerezani kununua taa.
Chonde, fundi wa nyaya, akanifungia spoti mbili za Kichina,
nyeupe za kuumiza, elfu thelathini na tano,
kitufe akanipa bure.
Usiku ule Goba ikawa na mchana wangu peke yangu.
Mashimo yalijitaja yenyewe,
paka waliganda ukutani,
magari yakapunguza mwendo, yakasogea pembeni.
Nikadhani ni heshima.

Mwezi wa nne. Umeme umekatika, manyunyu.
Mimi nashuka, fuso la mchanga linapanda.
Likanipigia taa mara moja, mara mbili,
likashusha, likaniomba kwa lugha zote linazozijua.
Nikalijibu kwa kuongeza.
Ndipo likayumba, likaacha lami,
na nilichosikia ni karai:
mafuta, mihogo, makaa,
makaa yakibiringika gizani, mekundu,
kama mji unaouona kutoka mbali ukiwa umechoka.

Semeni alikuwa ameruka. Mzima.
Kandambili yake moja ilipatikana asubuhi, mtaroni.

Dereva akateremka, mtu mzima,
Nyoni, jina nilikuja kulijua baadaye.
Nilijiandaa kwa tusi; la kurudisha
nilikuwa nalo mdomoni, limeshanolewa.
Hakutukana.
Alijiegemeza kwenye tairi, akajifuta macho kwa fulana
na kusema taratibu, kama anayetoa ushahidi:
"Mama sikumwona.
Barabara sikuiona.
Nilikuona wewe tu."

Kimvua kile. Sote watatu tukaokota mihogo.

Chonde alikataa kuzirudisha.
Moja imelala uvunguni mwa kitanda.
Nyingine nimemfungia Semeni juu ya kibanda, kwa betri kuukuu,
inatazama chini, kwenye mafuta yake,
na anasema sasa anaona hata mhogo unaotaka kuungua
kabla haujaamua.

Mimi nimebaki na taa iliyokuja na pikipiki
na kidole gumba cha kushoto.
Ikichomoza nyingine mbele, nashusha yangu mapema,
kama unavyoshusha sauti ukipita penye msiba
hata kama humjui marehemu.
Mara nyingi mwenzangu naye hushusha.
Tunapishana hivyo, sekunde mbili za nusu giza,
kila mmoja kamwachia mwenzake barabara,
halafu kila mtu na safari yake.
Asiyeshusha, nafuata mstari wa kushoto
na kumsamehe kwa shida.
Nilikuwa yeye.

Kesho mchana ukinikuta Mwenge na taa inawaka,
fumba, fumbua vidole vyako.
Usione haya, usidhani unanikumbusha.
Nitakutikisia helmeti kwa furaha ya kweli:
umeniona.