Daftari la Ng'ambo

Daraja liliondoka Jumanne usiku, na mbao zake,
na kiatu kimoja cha Hemedi wa darasa la nne.
Jumatano nikaita majina.
Kumi na mmoja wakaitika.
Ishirini na tisa walikuwa ng'ambo ya Mkulumuzi,
huko kambini, nyuma ya mkonge.

Mwalimu mkuu akasema, "Wafundishe kwa simu."
Simu ipi, mkuu?
Simu ya kambini huamka na baba saa kumi alfajiri,
huenda shambani mfukoni, pamoja na tumbaku,
hurudi jioni imebakiwa na kijistari kimoja cha chaji.
Basi shule yetu ikahamia saa mbili usiku.

Nilikaa kitandani, mahudhurio magotini,
kurunzi kwapani.
"Singano Mbwana?"
"Nipo, mwalimu." Na jogoo naye yupo,
na redio ya jirani, na mtu anayekwangua sufuria.
"Mwanakweli Kijazi?"
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Kalamu ilikwenda kuweka mkasi, nikaizuia.
Nikaacha kisanduku wazi.

Kwa wasio na simu, karatasi.
Mngoya muuza mikate aliiacha pikipiki kwetu,
akavuka juu ya gogo, kreti kichwani,
bahasha zangu zimebanwa katikati ya mikate.
Majibu yalirudi yakinuka hamira.
Moja lilikuwa limeng'atwa pembeni;
nikasahihisha kilichobaki.

Wiki ya tatu, kazi ya Singano.
Swali la kwanza mpaka la nne, mwandiko wake,
herufi zimelala ubavu kama zina usingizi.
Swali la tano, mkono mwingine,
umekandamizwa hadi ukatokea upande wa pili,
kila herufi imesimama peke yake, inahema.

Nilikuwa nimeuliza:
Mkataji anafunga majani kumi na mawili ya mkonge
katika kila fungu. Akipata mafungu tisini,
amekata majani mangapi?

Na jibu:
"Mwalimu, hakuna fungu la kumi na mbili.
Ukipeleka hilo mnyapara atalitupa.
Fungu ni thelathini. Mara tisini, elfu mbili na mia saba.
Mimi mama yake. Shule niliachia la tatu.
Singano amelala. Nimesoma zote."

Nikacheka peke yangu,
kisha nikaacha kucheka.
Nikachukua kalamu nyekundu
nikaweka mkasi juu ya swali langu mwenyewe.
Kwake nikaandika: Sahihi. Ongeza.

Tangu hapo bahasha ya Singano ikawa nzito.
Sehemu za kumi. Ufahamu. Ramani ya mkoa,
na kambi yao kaichora yeye, kwa kuwa kitabu kiliisahau.
Siku moja akauliza pembeni mwa ukurasa:
"Mwajiri na mwajiriwa,
mbona kinachowatenga ni 'wa' tu?"
Swali hilo nimelala nalo mara nyingi.
Sijalipa alama bado.

Mwezi wa sita wakaleta chuma na saruji.
Watoto wakavuka, wamerefuka,
Hemedi ndani ya viatu vya dada yake.
Nikaita majina mchana kweupe,
na mara mbili nikajikuta nainua mkono
kuupeleka sikioni.
"Mwanakweli?"
Wakatazamana.
"Walihama," akasema mmoja.
Lini, wapi, hakuna aliyejua.
Kisanduku kiko wazi mpaka leo.

Jumatatu iliyofuata Mngoya akasimama dirishani,
juu ya pikipiki yake, hakuzima injini.
"Hii yako," akasema. "Ya ng'ambo."
Nikamwambia, wote wamesharudi.
"Mimi nimetumwa tu," akasema, akaondoka.

Ndani ya mfuko wa mkate, daftari la kurasa arobaini,
jalada limekandamizwa kwa kalamu ya bluu:
JINA: Zaina Shemahonge.
DARASA: la nne, usiku.
SOMO: yote.