Jino Moja

Cheni iliruka juzi, juu kidogo ya Kaserem,
trak! kama mtu aliyeuma kokoto ndani ya wali,
na mimi nimembeba mama Chemonges
pamoja na gunia lake la kahawa.
Hakusema kitu. Alishuka,
akafunga kanga vizuri,
akasukuma nami.

Ndiyo maana leo niko Mbale, dukani kwa Nambozo,
duka jembamba kama ala ya panga,
tyubu zimening'inia hadi zinakugusa utosi.
Nimeweka sproketi ya mbele juu ya meza.
Niliifunga kwa gazeti; grisi imekwisha kunywa
nusu ya picha ya harusi ya watu nisiowajua.

Nambozo anaizungusha kwa kidole.
"Haya si meno tena, haya ni miiba."
Kweli. Kila moja limelala upande uleule,
upande ambao mlima ulikuwa ukilivuta
kila asubuhi, miaka miwili na nusu.

Nipe kama hii, nikasema. Meno kumi na manne.
"Unabeba nini?"

Nilinyamaza.
Polisi huniuliza nina kibali gani.
Mke wangu huniuliza nimeleta nini.
Hili halijawahi kuulizwa na mtu.

Kahawa, nikasema. Matoke. Mabati.
Siku moja kitanda, na mwenye kitanda juu yake.
Watoto watatu wa shule mvua ikinyesha.
Mwalimu anayelipa mwisho wa mwezi,
mwezi ambao haujaisha bado.

Akaweka mbili mbele yangu.
Kumi na manne. Kumi na matatu.
Usiku nisingezitofautisha.
"Ukipunguza jino, mlimani itapata pumzi.
Tambarare utalia. Injini itapiga kelele
na vijana watakupita wakikupungia mkono."

Nikaifikiria barabara ya kutoka Muyembe kushuka huku,
imenyooka kama uzi wa fundi mwashi,
mahali ninapolala juu ya tangi
shati limejaa upepo,
na kwa robo saa
mimi si baba wa mtu, sidaiwi na mtu.
Hiyo ndiyo kumi na manne.
Kumi na matatu ni mama Chemonges asishuke.

Nikachukua ndogo.

Cheni nazo, mbili. Akazishika kwa ubavu, hewani:
ya rangi ya dhahabu ikainama
kama shingo ya kuku aliyechinjwa,
nyeusi ikabaki imenyooka, mkaidi.
Bei yake nayo mkaidi.
Nilibembeleza mpaka aibu ikanishika,
akapunguza elfu tano, akanitazama viatu,
akapunguza elfu mbili tena.

Nje, Wepukhulu alikwisha kuvua gurudumu.
"Na ya nyuma?"
Ya nyuma ibaki.
Akafyonza. "Cheni mpya juu ya meno makuukuu!
Itakuliwa. Unajua itakuliwa?"
Najua. Kahawa yangu haijaiva.
Hakubishana. Akakata viungo viwili vilivyozidi,
akanitia mkononi, bado vina mafuta,
akasema cheni mpya hulegea, nirudi Ijumaa
aikaze, bila malipo, ila nisimwambie mtu.

Kabla ya Muyembe walinipita wanne.
Mmoja alipunga mkono, kama alivyosema yule mama.
Injini ilikuwa inapayuka kama mlevi.
Kisha barabara ikainuka,
nikasikia chini ya mguu kitu kikishika,
kikashika tena,
na wale wanne nikawaona kwenye kona ya tatu,
wawili wameshuka.
Sikupunga mkono. Karibu nipunge.

Nyumbani Yeko aliichukua ile ya zamani,
akaisugua kwa majivu, akahesabu kwa kidole
huku akiruka lile lililovunjika, kisha akalirudia.
"Kumi na manne. Mpya ina mangapi?"
Kumi na matatu.
Akanitazama kwa huruma,
huruma ya mtoto wa darasa la pili
anayejua kutoa.
"Baba," akasema, "wamekupunja."