Kielelezo Namba Nne

Yaliletwa Jumatatu ndani ya kasha la samaki,
utepe wa kahawia umezungushwa mara tatu,
juu yake kalamu nene imeandika:
MAYAI YA KIENYEJI. SHIKA POLEPOLE.
Nikahesabu, nikatia sahihi. Sitini na matatu.
Nikayaweka kwenye friji moja tuliyo nayo,
kati ya chang'aa ya kesi ya Mukuru
na maziwa yangu ya chai.

Mimi hutunza vielelezo. Siulizwi maoni.
Nimetunza panga, wigi, magurudumu ya bodaboda,
mbuzi mmoja aliyezaa kabla ya hukumu.
Yai lisilo na ganda gumu, sikuwahi.
Nililiminya kwa kidole cha glavu:
likabonyea, likabaki na kishimo
kama shavu la mtoto aliyelalia kifungo.

Bi Maimuna Shee alifika Jumatano kutoka Kiunga,
na sweta la kuazima, mikono imepita vidole.
Julai ya Nairobi ilimkuta na ndara.
Akakaa benchi la korido, daftari mapajani,
akanisomea bila kuombwa:
kiota cha kumi na saba;
mama yao ana pengo kwenye gamba, nyuma kushoto;
alichimba mara mbili, jiwe likamkataa.
"Nilikilinda usiku kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili mwanangu alikuwa na homa."
Akafunga daftari.

Nikamuuliza nani anayanunua.
"Wenye nyumba za ghorofa. Wanasema yanatia nguvu."
Nguvu za nini?
Akatazama dari. "Kasa hukaa miaka ishirini na ushei
ndipo atage mara ya kwanza.
Wao wana haraka ya usiku mmoja."

Hati ya mashtaka ilisema "mayai ya kobe".
Wakili akainuka taratibu, kama mtu aliyekanyaga noti:
"Mheshimiwa, kobe yuko hata kwa shangazi yangu,
bustanini, anakula sukuma wiki.
Mteja wangu ameshtakiwa kwa mnyama yupi?"
Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.
Bi Maimuna akasimama bila kuitwa:
"Kobe ana miguu. Kasa ana makasia!"
Askari akamkalisha. Maneno yake hayakuandikwa.
Kesi ikaahirishwa wiki mbili
ili herufi nne zitoke, herufi nne ziingie.

Wiki ya pili stima ikapotea siku mbili.
Hakimu alinusa kabla ya kusoma.
Akaamuru: picha zipigwe, mawili yabaki,
mengine yaharibiwe.

Nyuma ya mahakama wanajenga vyoo vipya.
Pale pana lundo la mchanga wa Machakos,
mwekundu, wenye vijiwe, haujawahi kuonja chumvi.
Bi Maimuna akapiga magoti, akachimba kwa mikono,
kiganja kikikunjwa kama kijiko,
mpaka bega likaingia.

"Kwetu tukihamisha kiota
tunatia alama ya penseli juu ya kila yai, lisigeuke.
Likigeuzwa, kilichomo huzama
ndani ya yai lenyewe."
Akainua la kwanza, akalizungusha kwenye jua hafifu.
"Upande wa juu uko wapi?"

Fomu zangu zina safu ya tarehe, ya uzito, ya sahihi.
Safu hiyo haimo.

Tulijua, sote wawili.
Friji yangu ilimaliza kazi iliyoanzwa na basi.
Lakini alitoa penseli,
akachagua upande, akatia alama,
akanyoosha mkono wa kuomba lingine.
Nikampa. Sitini na moja.
Maziwa yangu sikuyanywa tena mwaka ule.

Jioni fundi Wekhomo akaja na toroli na koleo.
Nikamwambia: upande huu usichote.
"Mpaka lini, madam?"
Daftarini nilikwisha kuandika: *kimeharibiwa*.
Nikamwangalia Bi Maimuna. Alikuwa akikung'uta sweta la watu.
"Wiki nane," nikasema.
Fundi hakuuliza zaidi. Akaandika 8 ukutani kwa chaki,
akaenda kuchota upande wa pili.